Jua Tunalo, Mbona Nyonga za Wazee Wetu Zavunjika?



Katika mikutano ya matawi yetu ya pande zote mbili za mpaka, Busia, Malaba na Tororo, liko swali moja ambalo siku hizi halikosi kuulizwa. Mara huulizwa na mkata miwa, mara na mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, mara na mpakiaji wa malori. Na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, mkutano ukisha kufungwa: "Ndugu katibu, mama ameteleza bafuni, nyonga imevunjika. Kuna mtu ameniuzia chupa ya vidonge vya vitamini D, asema vitaunga mfupa. Ni kweli?"

Si kweli. Hakuna kidonge kinachounga nyonga iliyovunjika. Lakini mwenye kuuza hakulitoa neno hilo hewani tu. Vitamini D na mifupa ya wazee ni mambo yaliyofungamana, na madaktari wamegombana juu yake kwa miaka mingi. Kwa hiyo tumeonelea tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, ili mwanachama asitoe nusu ya mshahara wake kwa kitu asichokijua, na wakati huo huo asidharau kile ambacho kingemfaa mzazi wake.

VITAMINI INAYOTOKA ANGANI

Vitamini nyingine twazipata kwa kula. Hii ya D sehemu yake kubwa twaitengeneza wenyewe kwa ngozi yetu. Miale fulani ya jua inapoipiga ngozi iliyo wazi, ngozi hufanya kitu ambacho damu hukipeleka kwenye ini, kisha kwenye figo, na huko ndiko kinakopewa nguvu kamili. Kazi yake kubwa ni kuyafanya matumbo yanyonye madini ya chokaa yaliyomo katika chakula, yale ambayo madaktari huyaita kalisi. Vitamini hiyo ikipungua, waweza kula chokaa nyingi na bado sehemu kubwa ikapita tu na kwenda chooni.

Sasa, moyo na misuli haviwezi kukaa bila chokaa. Matumbo yasipoleta ya kutosha, mwili huenda kukopa kwenye mifupa. Sisi tulio katika vyama vya akiba na mikopo twajua mambo ya mtu anayekopa kila mwezi wala harudishi. Akaunti haifungwi siku moja. Hupungua polepole, hata siku ile ya shida ukienda dirishani huambiwa hakuna kitu.

Kwa mtoto, upungufu huu huleta matege, miguu ikapinda. Kwa mtu mzima mifupa hulainika. Huumwa nyonga, mapaja na kiuno, na misuli ya mapaja huishiwa nguvu, hata kuinuka katika kigoda kunakuwa kazi. Watu husema, "Ni uzee huo." Pengine ni uzee, lakini pengine ni ugonjwa unaotibika, na mtu amekaa nao miaka mitatu bila kupimwa.

Wa kwanza kuumizwa sana na jambo hili walikuwa watu wa tabaka letu. Katika miji ya viwanda ya Uingereza, karne ya 19, moshi wa makaa uliziba jua, na watoto wa wafanyakazi waliokaa katika vichochoro vyembamba walikuwa na matege kwa wingi. Mwaka 1890 daktari mmoja aitwaye Theobald Palm, aliyekuwa amefanya kazi Japani, aliona kwamba maskini wa nchi zenye jua hawakuwa na ugonjwa huo ijapokuwa chakula chao kilikuwa haba. Akaandika kwamba dawa ni jua. Hawakumsikiliza upesi. Mwaka 1919 ndipo daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alipoponya watoto wenye matege kwa mwanga wa taa yenye miale kama ile ya jua. Na katika miaka ya 1970 ugonjwa huo ulisumbua tena Uingereza, safari hii katika familia za Kihindi na Kipakistani zilizohamia huko, hata mwaka 1981 serikali ikaanzisha kampeni ya kuukomesha. Miongoni mwa Wahindi wa Uingereza walikuwamo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, watu waliozoea jua la Jinja na Tororo.

SISI TULIO CHINI YA IKWETA

Tororo na Busia ziko kaskazini ya Ikweta kwa chini ya digrii moja. Jua letu halina msimu wa kwenda likizo. Basi mwanachama ana haki ya kuuliza: upungufu utatoka wapi?

Kwa mtu anayefanya kazi nje, mara nyingi hakuna upungufu. Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya kupima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoshinda nje kutwa. Walikutwa na kiasi cha nanomoli 115 kwa lita kwa wastani, na madaktari wengi huhesabu kwamba 50 yatosha kwa mifupa. Mkata miwa anayeshinda shambani mikono wazi hana sababu ya kununua chupa ile. Pesa hizo na anunue mayai.

Lakini mwaka 2020 wataalamu, akiwamo Reagan Mogire wa kituo cha utafiti cha Kilifi, walikusanya pamoja tafiti 129 kutoka nchi 23 za Afrika. Waliona kwamba kama mtu mmoja katika kila watatu alikuwa chini ya kile kiasi cha 50. Wa mjini walikuwa nacho kidogo kuliko wa shambani, na wanawake kidogo kuliko wanaume. Kumbe jua kuwapo angani ni jambo moja, na kuifikia ngozi ya mtu ni jambo jingine.

Tuangalie mahali petu wenyewe. Mlinzi wa usiku hulala mchana. Mtu wa shifti katika idara ya kufungasha huingia kabla ya mapambazuko na kutoka jioni, na ovaroli imemfunika toka shingo hadi kifundo. Karani hukaa nyuma ya kioo akidhani anaota jua, kumbe miale inayotakiwa haipiti katika kioo. Tena ngozi yetu nyeusi, ambayo ni kinga nzuri ya jua kali, huhitaji muda mrefu zaidi kufanya kazi hiyo kuliko ngozi ya Mzungu. Lakini huyu wa kazini bado ana siku yake ya mapumziko, na ana safari ya kwenda sokoni.

Asiye na nafasi hiyo ni mzee aliye nyumbani.

Ngozi ya mtu wa miaka 70 hutengeneza vitamini D chini ya nusu ya ile ya kijana wa miaka 20, hata wakikaa jua moja. Na ndiye huyo huyo tunayemficha. Tumetembelea nyumba nyingi za wastaafu wetu, za mabati na za nyasi, tukawakuta wazee wamewekwa chumba cha ndani, dirisha dogo, blanketi hadi kidevuni, na mkwe mwenye adabu akituambia kwamba hawamruhusu kutoka asije akaanguka. Ni upendo, hatukatai. Lakini kwa kukaa hivyo mapaja hunyauka na mifupa hukosa jua, na siku atakapokwenda chooni peke yake usiku, hapo ndipo ataanguka.

Mtoeni nje. Kiti kiwekwe uani, mikono na miguu ikiwa wazi, nusu saa au zaidi kidogo, siku nyingi za juma. Ipo njia rahisi ya kupima: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe, jua hilo lina nguvu ya kutosha. Kikiwa kirefu, asubuhi sana au jioni, ni joto tu. Si lazima kuungua, jua likizidi asogezwe kivulini. Mama wa Kiislamu aweza kukaa uani kwake penye sitara. Ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, maalbino, hawahusiki na shauri hili hata kidogo. Wao jua huwaletea saratani, na vitamini D waipate kwa chakula au kwa dawa ya daktari.

HABARI ZA VIDONGE

Sasa turudi kwenye chupa. Mwaka 1992 madaktari wa Ufaransa walitangaza habari iliyoshangaza dunia. Walichukua bibi wazee 3,270 waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee. Wengine walipewa kila siku chokaa pamoja na vitamini D yuniti 800, wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 18, kuvunjika nyonga kulikuwa kumepungua kwa asilimia 43 kwa wale waliopewa dawa. Toka hapo biashara ya vidonge ilishika kasi.

Lakini Wamarekani walipojaribu kwa wanawake zaidi ya 36,000, matokeo ya mwaka 2006 hayakuonyesha upungufu wa nyonga kuvunjika ambao mtu angeweza kuutegemea. Wakajaribu tena kwa watu 25,871, vitamini D peke yake, yuniti 2,000 kila siku kwa miaka mitano na zaidi. Matokeo ya mwaka 2022 yalisema: hakuna tofauti. Na huko Australia bibi wazee walipewa dozi moja kubwa mno kila mwaka, yuniti 500,000 kwa mkupuo. Habari zao zilitoka mwaka 2010: walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wale ambao hawakupewa kitu.

Je, madaktari walidanganyana? Hapana. Bibi wale wa Ufaransa walikuwa wakikaa ndani, na wengi wao walikuwa na upungufu wa kweli. Wamarekani wale wengi wao walikuwa wazima, wanaotembea nje na kula vizuri. Ukimpa maji mwenye kiu, umemsaidia. Ukimlazimisha asiye na kiu ndoo nzima, utamdhuru. Vitamini D ikizidi sana huongeza chokaa katika damu, na mtu hutapika, huwa na kiu isiyokatika, hata figo zikaharibika. Kwa mtu mzima mpaka uliowekwa ni yuniti 4,000 kwa siku, isipokuwa daktari aamue vingine kwa sababu yake.

Kwa hiyo mzee asiyetoka nje, au anayeumwa mifupa na kushindwa kuinuka, apelekwe kwa daktari aulizwe habari hii. Aliyepita miaka 70 mahitaji yake ni kama yuniti 800 kwa siku, na kama hapati jua daktari aweza kumwandikia. Anayetembea shambani kwake kila siku, mwacheni na pesa zake. Na wale wachuuzi wa karibu na kizuizi cha mpaka wenye chupa zisizosomeka, tuwapite kwa salamu tu.

Wanaotumia dawa za kifafa, dawa za kifua kikuu, au prednisoloni kwa muda mrefu, wajue kwamba dawa hizo zaweza kuidhoofisha mifupa. Hali kadhalika tenofovia, iliyomo katika vidonge vya virusi vya ukimwi wanavyotumia wengi wetu. MTU ASIACHE DAWA HIZO HATA SIKU MOJA kwa sababu ya makala hii. Amwulize daktari tu juu ya mifupa yake.

CHAKULA, NA KUANGUKA

Vitamini D bila chokaa ni sawa na msimamizi aliyefika kazini akakuta hakuna saruji. Na kwa chokaa, eneo letu lina bahati ambayo hatuitumii. Wimbi lina chokaa kuliko nafaka zote tunazozijua, kama miligramu 340 katika kila gramu 100. Atap ya Wateso na kwon ya Wajopadhola zilikuwa za wimbi, nayo mihogo ilichanganywa tu. Leo nyumba nyingi ni mihogo mitupu au posho nyeupe, na wimbi limebaki la pombe. Omena, wale ambao upande wa Uganda huitwa mukene, huvuliwa ziwani kutoka Sio Port hadi Majanji, na huliwa na mifupa yake. Mifupa hiyo ndiyo chokaa yenyewe, na mafuta ya samaki yana vitamini D kiasi chake. Ongeza simsim, mgagani, maziwa ikiwa yapo, na kiini cha yai.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba chakula peke yake ndicho siri. Mwaka 1968 Dr. Louis Solomon wa Johannesburg alionyesha kwamba Waafrika wa huko walivunjika nyonga mara chache sana kuliko Wazungu. Na Gambia, watafiti waliona wanawake wanaokula chokaa kidogo, wenye mifupa isiyo mizito, na bado hawavunjiki ovyo. Labda ni miili iliyozoea kazi na mwendo. Lakini hesabu hizo ni za enzi ambapo wachache walifika miaka 80. Siku hizi watu wanaishi. Hesabu ya Kenya ya mwaka 2019 ilikuta karibu watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, na Uganda nao wanaongezeka. Wazee wakiwa wengi, nyonga zitakazovunjika zitakuwa nyingi.

Nyonga ya mzee huvunjika kwa kuanguka tu kutoka kusimama, si kutoka juu ya mti. Mifupa ya wanawake hupungua upesi baada ya hedhi kukoma, kwa hiyo wao ndio huumia zaidi. Basi angalieni anapoangukia. Njia ya choo cha shimo isiyo na taa. Sakafu ya bafu yenye sabuni. Ndara zilizokatika kisigino. Mtoto wa jicho ambaye hajafanyiwa upasuaji. Ajon, ile pombe ya mrija, jioni moja zaidi ya ilivyofaa. Vidonge vya presha vinavyomfanya mtu aone kizunguzungu anapoinuka ghafla. Mti wa kushika ukichimbiwa pembeni ya choo ni kazi ya nusu saa, na hauna gharama. Na mzee afundishwe kuinuka kitini na kukaa, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, kiti kikiwa kimeegemea ukuta. Mapaja yenye nguvu humkinga kuliko chupa yoyote.

AKISHA KUANGUKA

Hapa ndipo tunapopoteza watu, na hapa hatutapunguza maneno.

Tunamkumbuka mama mmoja mstaafu wa mashamba ya miwa. Alianguka Jumatatu. Jirani akaita mtu wa kuchua. Mguu ukavutwa, ukachuliwa kwa mafuta, ukafungwa. Wiki ya tatu ana kidonda mgongoni cha kuingia ngumi, na kifua kimejaa. Tulipopata habari tulikwenda na gari, lakini tulikwenda kumzika wiki iliyofuata. Si nyonga iliyomwua. Aliuawa na kulala.

Dalili ni hizi: ameanguka, hawezi kusimama, anaumwa kwenye kinena, na mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje. Ukiona hivyo, usivute wala usichue. Mguu ulioumia ufungwe pamoja na ule mzima kwa vitambaa vipana, na mto au blanketi iliyokunjwa katikati. Abebwe kwa mlango, ubao au kitanda. Asipandishwe boda boda. Busia twajivunia kwamba jina hilo lilizaliwa hapa mpakani, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka kizuizi hadi kizuizi, lakini mtu mwenye nyonga iliyovunjika hakalishwi juu ya pikipiki katikati ya watu wawili. Tafuteni pikapu.

Apelekwe siku ile ile. Dawa ya nyonga hii kwa kawaida ni upasuaji, kutiwa chuma au kichwa kipya cha mfupa, na shabaha inayotakiwa ni ndani ya siku mbili, kisha asimamishwe mapema. Hata katika nchi tajiri mtu mmoja katika wanne au watano hufa kabla ya mwaka kwisha. Anayelazwa majuma mengi bila upasuaji hali yake ni mbaya zaidi. Kama hospitali ya karibu haina daktari wa mifupa, ndugu waulize palepale atapelekwa wapi na lini. Wa Tororo kwa kawaida ni hospitali ya rufaa ya Mbale. Kungoja "daktari atakuja juma lijalo" kusikubaliwe kimya kimya.

Pesa. Upande wa Kenya, bima mpya ya SHA ilishika nafasi ya NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024, na mshahara hukatwa asilimia 2.75. Wanachama wengine wameambiwa dirishani, mgonjwa yu machelani, kwamba michango yao haikufika. Kagueni sasa. Upande wa Uganda, ada katika hospitali za serikali ziliondolewa mwaka 2001, lakini ndugu huweza kuambiwa wakanunue chuma wenyewe, basi familia na iweke akiba kwa jambo hilo. NSSF ya Uganda ni asilimia 5 kwa mfanyakazi na 10 kwa mwajiri, na tangu sheria ya mwaka 2022 hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja anadaiwa. Na mwenye miaka 58 akianguka kwenye sakafu ya kiwanda yenye mafuta, hiyo si bahati mbaya ya uzee. Ni ajali ya kazini. Iandikwe siku hiyo hiyo, mashahidi watajwe, na idaiwe chini ya Sheria ya Fidia, ya mwaka 2000 kwa Uganda na ya mwaka 2007 kwa Kenya.

Matawi yenye stoo yaweke ubao mmoja wa futi sita na nusu, upana futi moja na nusu, pamoja na mikanda minne na blanketi. Makatibu waandike majina ya wenye pikapu walio tayari kuitwa usiku, na orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla ya mkutano ujao, pamoja na majina ya wastaafu ambao hawajaonekana nje kwa muda wa mwezi mmoja, ili wapate kutembelewa.